Mabalungi ya Nabuyonga

Shamimu,

Umezoea kusema kwamba mama akikasirika anaacha Kisoga na kugeukia Kiswahili. Mnalicheka jambo hilo na rafiki zako, mnaniita afande. Basi barua hii nimeiandika kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza ili usipate taabu ya kujua hali yangu. Ndiyo lugha niliyolelewa nayo kambini, baba yangu akiwa askari, na ndiyo lugha pekee ninayoweza kumsema mtu mpaka nikaridhika.

Umetoka kwenda kuaga watu wako mjini, na kesho unakwenda Mbale. Sitakuambia usali, sitakuambia ufunge mlango, wala sitakufundisha namna ya kukaa na watoto wa watu katika hiyo chekechea ulikopata kazi. Hayo unayajua, na usipoyafuata shauri yako. Ila sitajifanya nimefurahi kwamba katika nyumba zote za mtaa huo wa Nabuyonga umechagua nyumba ya senga yako. Nilikuambia upange chumba. Ukanijibu kwamba senga ni dada wa baba yako, ni damu yako, na ugomvi wetu ni wa watu wazima. Haya, damu yako hiyo.

Jumapili ulirudi kutoka kumtembelea, meno yote nje. Ukakaa jikoni kwangu juu ya ndoo ukaniambia kwamba mti wa mabalungi ulioko uani kwa senga umezaa mpaka matawi yameinama, mengine yanaozea chini, na Ramadhani inakaribia. Ukasema, "Mama, nifundishe unavyoyahifadhi. Senga anataka tuweke juisi ya futari ya mwezi mzima." Hukuishia hapo. Ukasema senga siku hizi ana presha, ndiyo kwanza amepewa vidonge, pakiti iko juu ya friji na ni ile ile ya kijani aliyokuwa nayo baba. Na kila asubuhi anakunywa glasi nzima ya balungi kwa sababu uchungu wake, eti, unakata mafuta mwilini.

Nikabwaga sufuria kwenye karai nikatoka nje. Ulidhani nimekunyima mapishi yangu, na nimekuacha udhani hivyo mpaka leo. Sasa nisikilize vizuri. Juisi hiyo na vidonge hivyo vikikutana, senga yako anaweza kuanguka asiinuke. Najua kwa sababu vilikutana ndani ya tumbo la baba yako, na aliyekamua ni mimi.

Ulikuwa mdogo, na hadithi uliyokua nayo si yangu, ni ya senga. Yangu nitakupa mara hii moja.

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, senga alituma gunia la mabalungi kutoka shamba lao la Busiu. Ilikuwa zawadi kwa kaka yake, na alihakikisha nimeelewa hivyo, maana aliyeleta gunia alikuwa na maagizo ya kulikabidhi kwa mwenyewe tu. Mwaka ule baba yako alikuwa ndiyo kwanza ameanzishiwa vidonge vya presha. Alikuwa akivimeza asubuhi. Mfungo ulipoingia akafanya wanavyofanya wafungaji wote wenye dawa, ya asubuhi akaihamishia magharibi. Adhana ikitoka, anakula tende, anatia kidonge mdomoni, anakisukuma na glasi kubwa ya balungi la dada yake, tumbo likiwa tupu tangu alfajiri. Nilikamua mimi, nikachuja mimi, na nilikuwa najisifu kwamba hakuna mke Mafubira nzima, mtaa wetu huu wa Jinja, anayemfuturisha mume kama mimi.

Baada ya siku chache akaanza kulalamika. Kichwa chepesi, miguu imevimba, akisimama macho yanaingia giza. Tukasema ni saumu. Mimi, mjinga, nikamwongezea juisi ili apate nguvu. Jioni moja akaenda tarawehe, na alipoinuka kutoka sijida akaanguka juu ya mtu wa safu ya mbele, msikiti mzima ukitazama. Wakamkimbiza hospitali.

Nesi aliyempokea alikuwa na mdomo mbaya kuliko wangu. Akaniuliza, "Hii dawa ameinywea nini?"

"Juisi ya balungi."

"Na nani alikwambia uchanganye?"

"Na nani aliniambia nisichanganye?"

Akanitazama, akashusha sauti, akanieleza. Kuna vidonge vya presha ambavyo mwili huvisaga polepole na kuvitoa, na balungi huuzuia mwili usifanye kazi hiyo. Kidonge kimoja kinafanya kazi ya vingi, presha inashuka mpaka mtu anazimika. Nikamuuliza, je, akinywa juisi asubuhi na kidonge jioni? Akasema haisaidii, tunda hilo linakaa mwilini likifanya vituko vyake hata kesho yake. Nilimwelewa. Si jambo gumu, Shamimu, hata mtoto wa chekechea yako angelielewa.

Senga yako akafika kutoka Mbale. Nilimpokea kwenye korido nikamweleza yote kama nilivyoelezwa. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Balungi hili tumekula tangu utotoni. Baba alikula, babu alikula, hakuna aliyeanguka. Wewe sema ulitia nini humo."

"Nilitia sukari."

"Wanawake wa kambini tunawajua."

Hapo ndipo nilipokosea. Si kwenye kukamua. Kwenye kukamua sikujua. Nilikosea kwa sababu yule nesi alikuwa mlango wa pili, angeweza kuja kuyasema mwenyewe mbele ya watu, na mimi badala ya kumwita nikafungua kinywa changu cha kambini nikaanza kumtukana senga yako, ukoo wake na gunia lake. Nilitukana vizuri, watu wakatoka wodini kuja kusikiliza. Nilipomaliza, nesi alikuwa ameshaondoka zamu, na kila aliyekuwa pale alikuwa na hakika kwamba mwanamke mwenye mdomo kama huu ndiye hasa anayeweza kumtilia mume dawa. Nilikuwa na shahidi nikamwachia aende zake. Ukirithi ulimi wangu, na naona umeurithi, kumbuka kwamba kuna saa ulimi huo unaila kesi yako mwenyewe.

Ikaenea kwamba nilimwekea mume wangu dawa ya kumfunga asioe mwingine. Jinja walisema, Mbale walisema, Busiu wakaongeza chumvi. Na baba yako, aliyekuwa amelala pale macho wazi na masikio wazi, hakusema neno. Angesema moja tu lingenitosha. Akaenda Nabuyonga kwa dada yake kupumzika mpaka apate nafuu, nafuu akapata, na hakurudi. Hakunipa talaka, hakunipa sababu. Alipopata mtu wa kuja Jinja alimtuma na sukari na mchele, kama vile mimi ni yatima wa mtaa. Wewe ulikuwa unashangilia hiyo sukari.

Alipofariki kwa kiharusi, miaka baadaye, aliyenipigia simu ni jirani yao, si wao. Nilipofika walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Senga yako akanionyesha kiti uani, upande wa wageni. Mke wa marehemu, upande wa wageni, napewa chai na mtu asiyejua mimi ni nani. Huko ndiko unakokwenda kulala kuanzia kesho, na hili sijalisamehe, wala usije ukanitumia ujumbe wa kuniambia nisamehe.

Sasa turudi kwenye swali lako. Nitakujibu, maana sitaki itangazwe Mbale kwamba mama yako ni mchoyo.

Baada ya baba yako kuondoka sikutaka hata kuliona balungi. Nikapata kazi ya jikoni kwa mama mmoja wa Kihindi pale mjini Jinja, na siku ya kwanza, kabla sijavua viatu, akaniwekea beseni mbele yangu, limejaa mabalungi. Nusura nirudi nyumbani. Nikabaki kwa sababu wewe ulikuwa unakula kila siku. Ninachokijua nimekitoa kwenye beseni lile, na nilikijua kwa kuharibu kwanza.

Balungi si embe. Likishachumwa haliivi tena, linazeeka tu. Kwa hiyo ghala bora ni mti wenyewe. Senga yako, namjua, atataka mvune yote kwa pamoja kwa pupa, kisha alalamike yanaoza. Yaache juu, chuma ya siku chache. Lililoanguka limeumia hata kama ngozi haionyeshi, hilo litumie siku hiyo hiyo. Ukichagua, lipime kwa mkono, zito ndilo lenye maji. Lile kubwa jepesi lililovimba ngozi ni tambo tupu, utakutana na nyama nyeupe na kokwa. Usiyaoshe kabla ya kuyaweka, yapanguse kwa kitambaa kikavu na uyaoshe unapokata. Na usiyatie kwenye kavera. Ulinisimulia mfuko wake wa plastiki ule, umefungwa fundo, umesukumwa chini ya sinki, matunda yanatoka jasho humo ndani mpaka yanaota ukungu wa kijani. Yatandaze kwenye ungo mahali penye hewa, wiki nzima hayana neno. Kwenye friji yatakaa wiki kadhaa. Yatazame kila unapopita, moja likianza ukungu litoe, na jirani zake uwapanguse.

Juisi ndiyo inayowashinda watu. Iliyokamuliwa sasa hivi ni tamu na uchungu kidogo, ikilala inakuwa chungu tupu, na watu wanadhani imekuwa hivyo kwa sababu ya kukosa sukari. Ni kwa sababu ya kukamua kwa hasira. Nami nilikuwa nakamua kwa hasira, nilikuwa nayo nyingi, mpaka yule mama akanishika mkono akasema, "Kamua tunda, acha ganda." Ule utando mweupe ukiubana ndio unaotoa uchungu. Bana kidogo, geuza, acha. Ukitaka kuiweka, igandishe siku ile ile kwenye vikopo vidogo, usijaze mpaka juu kwa sababu itavimba. Umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia, na ikishayeyuka usiirudishe. Kama ni ya kula mezani, menya ganda pamoja na weupe wote, toa vipande kati ya ngozi na ngozi, nyunyiza chumvi chembe tu. Chumvi inatuliza uchungu kuliko sukari kikombe kizima. Wewe hukuamini hilo, ulikuwa unapiga sukari mpaka meno yanalia.

Jamu yangu ya kwanza ya maganda hata kuku waliikimbia. Sikujua kwamba maganda unayachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena na kumwaga tena, ndipo unatia sukari. Achari yangu ya kwanza ilikuwa nzuri, chumvi yake, pilipili yake, haradali yake, imekaa juani mpaka ganda likalainika. Nikaitia kwenye chupa niliyoiosha asubuhi na kuifuta haraka haraka. Ndani ya siku chache juu kukaota pamba. Yule mama hakunigombeza, alimwaga yote mbele yangu, na nilitamani angenigombeza. Chupa kavu kabisa, kijiko kikavu, mafuta yafunike juu. Basi.

Umeona sikukuficha kitu. Pika, weka, uza ukitaka. Lakini senga yako asionje hata kimoja katika hivyo vyote, akiwa na pakiti ile. Si juisi peke yake. Kugandisha hakutoi ule ubaya, kuchemsha hakutoi, na ganda linao pia, kwa hiyo jamu na achari ni yale yale.

Na hapa nitakuambia jambo ambalo mama mwingine asingemwandikia mwanawe. Tangu Jumapili nimekaa kimya, na kimya hicho si cha kununa. Nilikuwa nafikiri. Nilifikiri kwamba nikufundishe juisi, nikufundishe kugandisha, halafu ninyamaze kama baba yako alivyonyamaza. Vidonge sikumpa mimi, mti sikupanda mimi, na habari nilimpa zamani, uso kwa uso, akakataa. Alikuwa radhi kuamini uchawi kuliko kuniamini mimi, na ndiyo maana mpaka leo analinywa balungi bila wasiwasi, kwa sababu kwake yeye ubaya haukuwa ndani ya tunda, ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nikasema basi aamini kwa mwili wake. Nimefua na wazo hilo, nimepika nalo, nimeswali nalo, Mungu anisamehe, na halikuwa linanichoma. Lilikuwa linanipa raha.

Usidhani ni huruma iliyonirudisha. Huruma naye sina. Asubuhi hii ulikuwa unapanga nguo zako, unaimba, na nikakuona uko Nabuyonga, adhana imetoka, umeshika glasi kwa mikono miwili unampelekea mkubwa wako kwa adabu niliyokufundisha. Akishaanguka hawatauliza nani alipanda mti. Watauliza nani alikamua. Watajibiwa, ni yule binti wa mwanamke wa Jinja, mnamkumbuka mama yake. Watakuacha usimame kwenye korido ujitetee, na hakuna atakayekuacha umalize sentensi. Mimi najua wanavyomtazama mtu pale, Shamimu. Nimetazamwa hivyo mpaka nywele zimeota mvi. Kwako sitaki.

Basi fanya hivi. Ukifika, kabla ya kufungua begi, omba hiyo pakiti. Mwambie unataka kumnunulia nyingine ziwe akiba. Ipeleke duka la dawa, umwulize mwenye kujua kama dawa hiyo inapatana na balungi. Si vidonge vyote vya presha vina ugomvi nalo, na kama atakuambia chake hakina, mwache anywe mpaka ageuke rangi. Lakini kama ni kile kile, usifanye kosa langu. Usibishane naye. Mshike mkono umpeleke, mtu wa dawa amwambie mwenyewe, kwa mdomo wake, na wewe ukae kimya kando. Vidonge asiache, asije akachagua tunda akatupa dawa, maana kwa ukaidi alionao anaweza. Futari mtengenezee ukwaju, au chungwa la kawaida, hilo halina neno.

Na jina langu usilitaje. Usiseme mama amesema, usiseme barua. Akisikia limetoka kwangu atakunywa jagi zima kunikomoa, namjua. Sema ulisikia chuoni, sema ulisoma kwenye simu. Mimi sihitaji shukrani yake, na ninaomba usinitafutie.

Nimekuwekea ungo mpya kwenye begi lako la chini na chupa mbili zenye vifuniko, nimezikausha mimi mwenyewe. Nauli iko kwenye mfuko wa pembeni. Unaporudi kutoka kuaga watu utanikuta nimeshalala, au nimejifanya nimelala, usinigongee tukaanza kubishana.

Mtunze huyo mwanamke. Mpe dawa yake kwa maji, mfuturishe vizuri, mpeleke kliniki siku yake ikifika, azeeke, akae miaka mingi na masikio yake yakiwa yanasikia. Mimi na yeye bado hatujamalizana.

Mama yako